Umerudi kwenye ndege za nyuzi uzeeni na mambo yanagoma? Anza kuuliza mkono

Wakuu mwangaluka. Hii naiandikia yule mtu aliyewahi kurusha ndege za nyuzi akiwa kijana, labda shuleni, labda alipokuwa nje kimasomo, afu maisha yakamchukua, kazi, ada za watoto, ujenzi, na sasa amestaafu au yuko mlangoni, ameshusha lile boksi kutoka juu ya kabati na anashangaa mbona kila kitu kinagoma. Mi niliacha 1986 nikiwa na miaka 20, nimerudi nina 58, na mwaka mzima wa kwanza nimevunja vitu ambavyo havikuwa na sababu ya kuvunjika kwasababu nilikuwa natafuta ugonjwa kwenye injini wakati ugonjwa uko kwingine kabisa.

Kwa asiyezijua: ni ndege ndogo ya modeli, haina rimoti. Kwenye ncha ya bawa la kushoto zinatoka waya mbili, zinaungwa na nyuzi mbili za chuma mpaka kwenye mpini ulioshika, we unasimama katikati na yenyewe inakuzunguka kinyume cha mshale wa saa. Ndani ya bawa kuna kipande cha pembe tatu wanakiita belikranki, uzi mmoja ukivutwa kinageuka, kinasukuma fimbo, fimbo inainua eleveta, kile kibao cha mkiani kinachopinda juu na chini, ndege inapanda. Ukiinamisha mpini upande wa pili inashuka. Basi, hakuna kingine. Jim Walker wa Portland, Oregon, ndo alizifanya zijulikane sana kule Marekani miaka ya 1940, na mpaka leo zina mashindano ya dunia.

Sasa kabla hujashika bisibisi, mkono wako ndo mita ya kwanza. Ndege ya kilo 1.2 kwenye nyuzi za mita 18, ikimaliza mzunguko kwa sekunde 5.5, inakuvuta karibu kilo 2.9. Ndege hiyohiyo ikichoka ikatumia sekunde 7 inakuvuta kilo 1.8 tu. Yaani sekunde moja na nusu imekula zaidi ya theluthi ya mvuto, na macho hayajaona kitu, unaona ndege inaenda tu fresh, ila mkono umeshajua. Mkono wa miaka 20 ulikuwa unajua bila kufundishwa, wa miaka 58 umesahau. Mi nilienda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba, hapa Mwanza, mama mmoja anayeuza sato akaniazima mizani yake ya kuning'iniza yenye mshale, nikaifunga kwenye nguzo ya kibanda nikavuta mpaka 3, nikaushikilia hapohapo mkono umenyooka.

"Baba, unajipima nguvu?"

"Naukumbusha mkono, mama. Kuna kitu ulikuwa unakijua."

Akaniacha nivute dakika mbili tatu, wateja wanapita. Fanya na we, kwa mizani yoyote, ya samaki au ya nyama. Ukishaujua uzito wa kilo 3 mkononi, nusu ya haya nayoandika chini utayagundua mwenyewe ukiwa hewani.

NYUZI ZINALEGEA NDEGE IKIWA HEWANI

Hii ndo dalili kubwa kuliko zote na ndo inayovunja ndege nyingi, kwahiyo nitakaa hapa. Nyuzi zikilegea huna usukani, hata upindishe mpini mpaka mwisho eleveta haisikii.

Kwanza cha kufanya papohapo: rudi nyuma haraka, hatua tatu nne, mgongo ukielekea mbali na ndege, mpini uwe katikati, usiupindishe. Watu wengi wanapaniki wanavuta "juu" mpaka mwisho, sasa nyuzi zikikaza ghafla eleveta nayo inapanda yote ghafla, ndege inajikunja inakuja kichwani kwako. Subiri mvuto urudi ndo uongoze. Na kwasababu sisi ni watu wazima na magoti si yale, kabla ya kurusha safisha katikati ya duara kama mita 4 hivi, okota mawe yote, fukia mashimo. Huku kwetu Mwanza mawe ni kama mbegu, unaokota leo kesho yameota. Mi natembea na ufagio wa chelewa, sioni aibu.

Sasa sababu. Nazipanga kwa jinsi nilivyokutana nazo, si kwa ukubwa.

Upepo. Ziwa ndo linaamua. Alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mwepesi, mara nyingi hata jani halitikisiki, ikifika saa nne saa tano jua likishachoma ardhi unageuka, unatoka ziwani na unaongezeka mpaka jioni. Ndege ikiwa upande upepo unakotokea inasukumwa kuja kwako, nyuzi zinalegea, ikiwa upande upepo unakoenda inasukumwa nje, nyuzi zinakaza. Kwahiyo kuondoka, vitanzi (ndege kupiga duara la wima), chochote cha maana, fanya upepo ukiwa mgongoni kwako. Niliyesahau hilo nilipaki ndege upande mbaya mara ya pili kurusha, ikanyanyuka mita moja, ikaja moja kwa moja kifuani. Niliinama ikapita. Na usidanganyike na uwanja uliozungukwa na majabali ukadhani yanakukinga, upepo ukishapanda jabali unashuka upande wa pili umevurugika, unakuta sekunde moja kuna mvuto sekunde inayofuata hamna kabisa. Bora uwanja wa wazi wenye upepo unaoeleweka kuliko uliojificha nyuma ya mawe. Tiba rahisi kuliko zote ni kurusha saa moja mpaka saa tatu asubuhi.

Spidi. Kama hamna upepo na bado zinalegea, hesabu mzunguko. Mpe mjukuu simu aweke saa, apime mizunguko 10, gawanya kwa 10. Ikizidi sekunde 6 kwa nyuzi za mita 18 ndege yako ina kiu ya nguvu, au nyuzi ni ndefu kuliko uwezo wake. Punguza nyuzi mita 2 ujaribu, hiyo haina gharama. Mashindano ya dunia ya michezo ya angani, yaani vitanzi na mengine ya hivyo, wanaruhusu nyuzi za mita 15 mpaka 21.5, kwahiyo hauvunji sheria ya mtu.

Waya za kutokea bawani. Hapa kuna siri ambayo wengi hatukuambiwa tukiwa wadogo. Nyuzi zinapotoka kwenye ncha ya bawa ndo zinaamua pua inaangalia wapi. Zikitokea mbele sana pua inageukia ndani, kwako, ndege inakukimbilia. Zikitokea nyuma sana pua inaangalia nje sana, ndege inaburuta. Pima katikati ya zile waya mbili, iwe nyuma ya kitovu cha uzito (pale ndege inapokaa sawa ukiibeba kwa vidole) kama sentimita 1 na nusu mpaka 2. Ndege yangu ya zamani ilikuwa na matundu yaliyotobolewa moja kwa moja, nikaja kuchonga mfereji mdogo wenye skrubu ili niweze kusogeza. Hiyo kazi ya jioni moja ilinipa tofauti kuliko mota mpya.

Bawa limepinda. Boksi lako limekaa wapi miaka yote hiyo? Kama ni darini chini ya bati, we jua tu bawa limepinda. Shika ndege macho usawa wa mkia, angalia bawa kwa nyuma, kingo za kushoto na kulia zilingane. Kama la nje limeinama vibaya linajinyanyua, ndege inalalia ndani kuja kwako. Yangu ilikuwa imepinda milimita 6 kwenye ncha. Nilichemsha maji kwenye sufuria, nikapitisha bawa kwenye mvuke huku naligeuza taratibu kinyume kidogo zaidi ya nilivyotaka, nikalishikilia mpaka lilipopoa. Mara tatu likanyooka. Kama limefunikwa karatasi za zamani zilizokauka usilipeleke kwenye mvuke kwa nguvu, zitapasuka, fanya kidogokidogo.

Uzito wa ncha ya nje. Nyuzi zenyewe zina uzito, zinavuta bawa la ndani chini, ndo maana bawa la nje linawekewa madini ya risasi kidogo. Ndege yako ikikosa huo uzito, inalala kuja ndani hasa ikiwa juu ya kichwa. Kwa ndege ya kilo 1.2 anza na gramu 20 hadi 30. Maduka ya nyavu pale mjini wanauza vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu, vinakatika kwa kisu, ndo hivyohivyo. Hii nitairudia mwishoni maana bado naipigania.

KICHWA KINAZUNGUKA

Wakuu hii ndo inayowafanya watu wa umri wetu wauze vifaa. Na wengi wanadhani ni uzee tu, hapana, ina sababu na nyingine zina tiba.

Ndani ya sikio kuna maji yanayoambia ubongo umegeuka. Ukizunguka mizunguko mingi yanazoea kuzunguka, ukisimama yenyewe bado yanaenda, dunia inaendelea kuzunguka bila wewe. Ukiwa kijana ubongo unapuuza haraka, sasa hivi unachelewa.

Dawa ya kwanza ni macho. Angalia ndege tu, ndege tupu, usiangalie miti wala nyumba za nyuma. Ndege haitembei mbele ya macho yako, iko palepale, kinachokimbia ni vilivyo nyuma yake. Ukiyapa macho kitu kilichotulia yanaubishia ule uongo wa sikio. Dawa ya pili ni zoezi bila ndege. Nilichukua kamba ya mita 3 nikafunga chupa ya maji nusu lita, kila asubuhi uani nazungusha mizunguko 5, nasimama miguu imetanuka, nasubiri. Wiki ya pili 10, wiki ya nne 20. Baada ya mwezi na nusu nikaweza dakika 2 za ndege bila kuyumba. Usiruke hatua. Dawa ya tatu ni kurusha muda mfupi, ndege ya umeme inakusaidia hapo maana unaiwekea taima izime yenyewe baada ya dakika 2, hujilazimishi kusubiri tanki liishe.

Na mara za mwanzo uwe na mtu nyuma yako, ameweka kiganja begani, anatembea na wewe. Kijana wangu alinifanyia hivyo mwezi mzima. Ule mkono begani sijui una nini, lakini mwili ukijua kuna kitu kimesimama nyuma yake unatulia.

Ikikukuta hewani, usifumbe macho. Weka ndege usawa wa macho, mzunguko mpana, usifanye mchezo wowote, subiri izime. Ikishatua kaa chini palepale.

Ila kama kizunguzungu kinakuja hata ukigeuka kitandani, au ukinyanyuka kwenye kiti, au umeanza dawa mpya za presha, hiyo si habari ya ndege tena. Nenda hospitali kwanza, nyuzi zitakusubiri.

Miwani nayo. Zile zenye sehemu mbili au zinazobadilika taratibu kwenye kioo kimoja zinavuruga pembeni unapogeuza kichwa, na huku kichwa kinageuka muda wote. Nilitengeneza miwani ya kuonea mbali tu, kioo kimoja, kwa ajili ya uwanjani. Na kofia yenye ukingo mpana, jua la asubuhi likitokea upande wa Igoma linakupiga usoni kila mzunguko, na ndege ikipita mbele yake unaipoteza nusu sekunde. Usipandishe wakati inaingia kwenye jua.

Bega litauma. Dakika 5 za kilo 3 mkono umenyooka si mchezo. Rusha mara mbili pumzika, afu tatu.

NDEGE HAITULII, INADONOA JUU CHINI

Unaiweka usawa inapanda, unaishusha inazidi kushuka, ukiirudisha inapanda zaidi. Hapa kuna mambo mawili yanafanana sana na lazima uyatenganishe.

La kwanza ni mkia mzito. Inua ndege kwa vidole viwili chini ya bawa, angalia inalala wapi. Kwa ndege ya kujifunzia kitovu cha uzito kiwe mbele, asilimia 15 mpaka 20 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ukiwa umetoa injini ya chuma ukaweka mota ya umeme bila kupima, karibu uhakika kitovu kimerudi nyuma. Sogeza betri mbele. Haisogei tena? Weka risasi puani, usione huruma, ndege nzito ya mbele inachelewa kugeuka lakini inakusamehe, ya mkia mzito haisamehi mtu.

La pili ni mkono wenyewe. Kumbukumbu ya kijana imo kichwani, inatuma amri za haraka, mkono unazitekeleza kwa kuchelewa kidogo, kwahiyo kila unachorekebisha umeshakikosa. Tiba: funga kifundo cha mkono kama kimewekewa plasta, nyanyua na kushusha mkono wote kutoka begani. Ndege inatulia hapohapo. Na kwenye mpini sogeza vile vishikio vya nyuzi vikaribiane, kama vimeachana sentimita 10 vilete 7 au 8, mkono ukikosea kidogo eleveta inasogea kidogo. Ukishazoea unarudisha.

Utajuaje ni ipi? Mpe mwenzako anayejua aushike mpini. Kama huna mwenzako, na wengi huku hatuna, sogeza betri mbele sentimita 1, rusha. Ikibadilika sana ilikuwa ndege. Isipobadilika, ni mkono.

Kama ndege imetulia lakini unajikuta umeinamisha mpini ili iende usawa, huo si ugonjwa mkubwa, uzi mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Rekebisha kwenye kishikio, kwisha.

UNAPANDISHA INASHUKA

Umegeuza nyuzi. Hamna maelezo mengine. Mi nimefunga utepe mwekundu kwenye uzi wa juu, kwenye mpini na kwenye waya wa bawani, na kila mara kabla ya kuachia ndege nainua mpini, anayeshika ndege anasema kwa sauti "juu!", nashusha anasema "chini!". Kila mara, hata kama umerusha dakika tano zilizopita.

INJINI YA ZAMANI HAIZUNGUKI AU INAKATA HEWANI

Imeganda: ni mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa kwenye mafuta ya wakati ule, yamekauka yakawa kama gundi. Usiitie koleo wala bisibisi kwenye tundu. Ipashe kwa draya ya saluni mpaka iwe moto wa kushikika kwa kitambaa, tia spiriti kidogo, zungusha pangaboi kwa mkono taratibu. Yangu ni dizeli ndogo ya cc 2.5, ilichukua siku mbili ikaachia, ndani inang'aa kama ilifungwa jana. Yale mafuta yaliyoigandisha ndo hayohayo yaliyoikinga na kutu miaka 38.

Inawaka chini vizuri, hewani inapaza sauti afu inakata: tanki. Bomba la mpira la ndani limekuwa gumu halifuati mafuta, au tanki la bati limepasuka kwenye lehemu linavuta hewa. Lizamishe kwenye beseni, ziba tundu moja, puliza, angalia mapovu. Kama inakimbia zaidi ikiwa mgongo juu kuliko ikiwa kichwa chini, tanki liko chini sana, linyanyue milimita 2. Kinyume chake, lishushe.

Tatizo halisi la injini hizi huku kwetu ni mafuta yake. Za plagi zinataka methanoli, na methanoli ni sumu, inapofusha, inaua, na moto wake juani hauonekani. Za dizeli zinataka etha, mafuta ya taa na nyonyo, na etha nayo inawaka kwa cheche tu. Kama huna sehemu ya uhakika ya kuvipata na kuvitunza mbali na watoto, usianze kuchanganya jikoni. Iweke injini kwenye rafu uipende, weka mota ya umeme. Mi ndo nilichofanya.

MOTA YA UMEME IPO, NDEGE HAINA NGUVU

Pangaboi likizunguka kinyume badilishana waya mbili zozote kati ya tatu za mota. Hilo tumemaliza.

Kama linazunguka sawa lakini mkono unasema kilo 2 wakati unataka 3, kumbuka uko wapi. Mwanza tuko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Nikipiga hesabu ya hewa ya hapa na ya Dar, yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 11. Pangaboi linauma hewa nyepesi, bawa nalo linabebwa na hewa nyepesi. Vipimo vya mtu anayerushia ufukweni ukivileta hapa kama vilivyo vitakuangusha. Ongeza kidogo, pangaboi kubwa zaidi au lenye mkunjo mkali zaidi, afu shika mota ikitua. Ukishindwa kuishika sekunde tatu umezidisha. Kianzio changu ni wati 300 kwa kila kilo ya ndege.

Taima nayo: wengi wanaiacha sekunde 15 au 20 kati ya kubonyeza na mota kuwaka. Hizo ni za kijana anayekimbia. We una mita 18 za kutembea, kuokota mpini, kuvaa kamba ya kifundo, kupima juu na chini, kupumua. Weka sekunde 45. Nilikuwa naanza kurusha nikiwa nahema na nilidhani ni presha, kumbe ni taima.

Betri za lipo (lithiamu polima, ndo zinazoendesha mota) usizirushe mpaka zikauke, acha asilimia 20 hadi 25. Usizifungie kwenye boksi la bodaboda juani. Ikivimba usiirushe tena. Na usichaji ukaenda kulala.

NYUZI ZENYEWE

Nailoni ya kuvulia usiiguse, inanyooka kama mpira, unaamuru leo ndege inasikia kesho. Uzi wa kusuka wa wavuvi haunyooki sana, kwa vindege vidogo vya foamu unafaa, na hayo mabawa ya foamu unaweza kuchonga kwenye maboksi ya kusafirishia minofu ya sangara, ila fundo lake linateleza, litie gundi. Ndege ya kilo na zaidi inataka waya wa chuma wa kusuka, milimita 0.38. Ukiona umejikunja kama herufi v hata sehemu moja, utupe, hapo ndo utakatikia. Unyevu wa ziwa unakula, futa kwa kitambaa kikavu kabla ya kukunja.

Kila siku ya kurusha, kabla ya mara ya kwanza, vuta. Kanuni za mashindano ya michezo ya angani zinataka mara 10 ya uzito wa ndege, kwahiyo ya kilo 1.2 unavuta mpaka 12. Kijana anaikumbatia ndege kifuani, mizani ya samaki inaning'inizwa kwenye mpini, unavuta taratibu mpaka mshale ufike, unashikilia. Siku moja ilifika 9 nikasikia "tik", kishikio kimoja kimefunguka. Kingefunguka juu ya watoto waliokuwa wanaangalia. Na kamba ya kufunga mpini kwenye kifundo cha mkono ni lazima, si pambo.

Nguzo za umeme: chuma cha mita 18 mkononi mwako na waya wa umeme, hamna kinga hapo. Mi naacha mita 60 na zaidi. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata kama mvua iko Ukerewe huko, kunja. Upande wa Ilemela karibu na uwanja wa ndege usirushe. Viwanja vya shule vinatosha, duara lako na mkono ni mita 40 upana na uwanja wa mpira una zaidi ya hapo, muone mwalimu mkuu, mweleze, mwonyeshe. Na weka mtu wa kulinda duara, maana watoto watakimbilia kuishika na ng'ombe hawajui duara ni nini.

BAWA LA NJE LINADONDOKA KWENYE KONA KALI

Hili ndo la kwangu la sasa hivi. Nikigeuza taratibu ndege iko sawa, nikivuta kitanzi kidogo ncha ya nje inadondoka kidogo afu inarudi, na mkononi nasikia mvuto unashtuka, kama samaki aliyeonja chambo akaacha. Hiyo ni risasi nyingi kwenye ncha ya nje. Nilianza na gramu 35 kwasababu niliogopa kulegea, nikatoa 5 ikapungua, nikatoa 5 nyingine ikapungua tena, sasa niko 25 na bado inashtuka nikivuta kwa nguvu upande wa upepo. Nimetengeneza kimfuniko kidogo cha skrubu pale nchani ili nisikate bawa kila mara. Jumamosi saa moja asubuhi, upepo ukiwa bado umelala, natoa gramu 3.